Mashahidi wa Cheti cha Ndoa: Mwongozo Kamili wa Kuwatumia Kufuatilia Historia ya Ukoo

Mtu anayefuatilia historia ya ukoo wake akipata cheti cha ndoa cha babu na bibi, macho yake hukimbilia majina ya maharusi, kisha majina ya baba zao, kisha tarehe na mahali. Majina mawili yaliyoandikwa chini kabisa, penye sehemu ya mashahidi, huachwa kana kwamba ni ya wapita njia. Hiyo ni hasara kubwa. Baba wa bwana harusi ametajwa kwa sababu fomu imemdai. Shahidi yupo kwa sababu mtu fulani alimwendea na kumwomba asimame, naye akakubali. Mara nyingi huyo aliyeombwa ni mjomba, shemeji, mume wa dada, rafiki wa kazini au mtu wa kijiji kimoja. Tena, kwa kuwa fomu nyingi za zamani ziliuliza jina la baba tu na hazikujali jina la mama, shahidi anaweza kuwa ndiye pekee katika karatasi nzima anayeelekeza upande wa mama.

Mwongozo huu unahusu vyeti na madaftari ya ndoa ya Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya: ya serikali, ya makanisa na ya makadhi. Njia yenyewe ni moja, lakini kila daftari lina desturi zake, na asiyezijua desturi hizo anaweza kujenga ukoo juu ya jina la karani.

Jua kwanza ni nani aliyeweza kuwa shahidi

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara na si Zanzibar, inataka ndoa ifungwe mbele ya mashahidi wasiopungua wawili, na haimkubali shahidi aliye chini ya umri wa miaka 18. Nchini Kenya, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, iliyokusanya mahali pamoja ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, nayo inazungumzia mashahidi wawili watu wazima. Kanisa Katoliki limedai kwa karne nyingi padre mwenye mamlaka na mashahidi wawili, na amri ya Ne Temere, iliyoanza kutumika Pasaka ya mwaka 1908, ililitilia mkazo jambo hilo hata katika nchi za misheni. Kwa Waislamu wa pwani, ambao wengi wao ni wafuasi wa Imamu Shafi, mashahidi wawili wanaume, Waislamu na waadilifu, ni nguzo ya nikaha yenyewe. Kwa Mashia Ithnaashari, mashahidi si sharti la ndoa kuwa halali, kwa hiyo ukikuta hati yao isiyo na mashahidi usidhani kwamba kuna jambo lililofichwa.

Kanuni hizi zinakupa taarifa hata kabla hujamjua shahidi ni nani. Aliyeshuhudia ndoa ya mwaka 1975 kwa mujibu wa sheria ya Tanzania Bara hakuzaliwa baada ya 1957, na siku ile alikuwa hai na yupo mahali pale. Shahidi wa nikaha ya Kishafi alikuwa Mwislamu mwanamume. Lakini shahidi wa ndoa iliyofungwa kanisani Katoliki hakulazimika kuwa Mkatoliki, kwa hiyo jina la Kiislamu au la Kilutheri katika daftari la parokia si kosa la mwandishi. Ni dokezo kwamba ukoo ulikuwa na watu wa dini mbili, au kwamba urafiki ulivuka mipaka ya dini, na dokezo hilo linafaa kufuatwa.

Tafuta daftari, usiridhike na cheti

Nakala ya cheti inayotolewa leo na ofisi ya serikali inaweza kuwa imechapwa upya na karani ambaye hakuwaona mashahidi. Jina lililosomwa vibaya mara moja hubaki vibaya katika kila nakala inayofuata. Tena, katika nakala ya namna hiyo sahihi zote hupotea, na sahihi ni sehemu ya ushahidi wako.

Kwa Tanzania Bara, vyeti vya ndoa viko chini ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, na ndoa za bomani zilisajiliwa katika ofisi za wilaya. Kwa Kenya, ofisi ya Msajili wa Ndoa iko chini ya Mwanasheria Mkuu, Nairobi. Omba nakala huko, lakini usiishie huko. Ndoa ikiwa ilifungwa kanisani, nenda parokiani au usharikani ukaombe kuliona daftari lenyewe la ndoa. Andika barua kwa paroko au mchungaji kabla ya kwenda, eleza uhusiano wako na maharusi, taja mwaka unaokadiria, na uwe tayari kukubali kwamba katibu wa parokia ndiye atakayefungua daftari na wewe utasoma ukiwa pembeni yake. Parokia nyingi zilizaliwa kutoka parokia mama. Kama kanisa la kijijini lilijengwa mwaka 1960 na ndoa ilifungwa 1948, daftari liko kule ambako kigango hicho kilikuwa kinahudumiwa wakati huo.

Nyaraka za kimisheni zilizokwenda Ulaya nazo zisisahaulike. Za Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza, kilichoanzisha Rabai na Frere Town karibu na Mombasa, zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Za UMCA, yaani misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu vya Uingereza, iliyokuwa Zanzibar, Magila na Masasi, ziko Oxford. Za Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika Zanzibar mwaka 1863 na Bagamoyo mwaka 1868, ziko Chevilly-Larue nchini Ufaransa. Huko utakuta zaidi barua, ripoti na shajara za misheni kuliko madaftari ya ndoa, lakini shajara ya misheni inaweza kumtaja mtu yule yule uliyemkuta kama shahidi, pamoja na kazi yake na asili yake.

Nakili kila kitu jinsi kilivyo

Ukilipata daftari, andika jina la shahidi herufi kwa herufi jinsi lilivyoandikwa, hata kama unajua kwamba limekosewa. Marekebisho yako yaandike pembeni, kwa rangi nyingine. Kisha nakili mambo ambayo watu huyaruka: nani ametajwa kwanza, nani ameandikwa upande wa bwana harusi na nani upande wa bibi harusi, kazi na makazi ya kila shahidi kama yametajwa, na namna alivyotia alama yake, yaani kwa sahihi, kwa msalaba au kwa dole gumba. Sahihi yenye mkono wa mtu aliyezoea kalamu, katika miaka ambayo wachache walisoma, yaonyesha mwalimu, karani, katekista au mtu wa reli. Itunze picha ya sahihi hiyo, kwa maana inaweza kulinganishwa na sahihi iliyo katika wosia, hati ya shamba au ndoa nyingine, na hapo utajua kama ni mtu mmoja au ni wawili wenye jina moja.

Lugha ya daftari isikutishe. Madaftari ya Kikatoliki ya zamani yaliandikwa kwa Kilatini: mashahidi ni testes, mwanamke mjane ni vidua, msimamizi wa ubatizo ni patrinus. Walutheri wa wakati wa Wajerumani waliwaita mashahidi Trauzeugen. Majina nayo hubadilika kufuata lugha ya mwandishi, hivyo Ioannes, Johannes, Yohane na Yohana wanaweza kuwa mtu mmoja, kama vile Jacobus na Yakobo. Kwa upande wa majina ya Kiislamu, Athumani ni Othman, Hamisi ni Khamis, Bakari ni Abubakar. Tengeneza orodha ya sura zote za jina unalolitafuta kabla hujaanza kupekua, la sivyo utampita mtu wako mara nyingi bila kumtambua.

Hati za zamani za makadhi zinaweza kuwa kwa Kiarabu, au kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa hati ya Kiarabu, na tarehe yake ikawa ya Hijria. Mwaka 1340 Hijria, kwa mfano, ulianza Septemba 1921 na kumalizika Agosti 1922, kwa hiyo bila kuujua mwezi huwezi kusema ndoa ilikuwa ya mwaka upi wa Miladia. Mwombe shekhe au mwalimu anayeisoma hati hiyo akusomee kwa sauti huku ukinakili, kisha akusomee tena.

Soma kurasa za kabla na za baada

Kama utafanya hatua moja tu katika mwongozo huu mzima, ifanye hii. Kabla hujamfuatilia shahidi hata mmoja, soma ndoa zilizotangulia na zilizofuata katika daftari hilo hilo, walau za mwaka mmoja kila upande. Unatafuta kujua kama jina la shahidi wako linajirudia. Ukiona jina lile lile katika ndoa za watu wasiohusiana kabisa, huyo ni katekista, mzee wa kanisa, mwangalizi wa msikiti au karani wa boma, aliyeshuhudia kwa sababu alikuwa karibu. Hafai kuingizwa katika ukoo wako. Bado ana manufaa, kwa kuwa kituo chake cha kazi kinakuonyesha kigango au mtaa ambako maharusi walijulikana, lakini yeye si ndugu.

Jina linalotokea mara moja tu, au mara mbili tatu na kila mara katika ndoa za watu wenye jina moja la ukoo, ndilo la kushikilia. Na ukimkuta shahidi huyo akiwa bwana harusi katika ukurasa mwingine, umepata hazina, maana huko yametajwa jina la baba yake, mahali alipotoka, na mashahidi wake yeye. Angalia kama babu yako ni mmoja wao, kwa kuwa watu walizoea kushuhudiana.

Katika makanisa yetu kuna desturi nyingine inayosaidia: wasimamizi wa ndoa mara nyingi ni mume na mke, watu waliokwisha kufunga ndoa ya kanisani, na wao ndio wanaotia sahihi. Ukikuta shahidi mmoja mwanamume na mwingine mwanamke, usifanye haraka kusema kwamba huyu ni ndugu wa bwana harusi na yule ni dada wa bibi harusi. Tafuta kwanza ndoa yao wenyewe katika daftari hilo.

Mpe kila shahidi dhana zaidi ya moja

Baada ya kusoma daftari, andika kwa kila shahidi aliyebaki dhana zote zinazowezekana: ndugu wa baba, mjomba, shemeji, msimamizi wa ubatizo, mtu wa nyumbani, mwajiri, jirani. Mbele ya kila dhana andika ni hati gani ingeithibitisha na ni ipi ingeipinga. Kazi hii inachosha, lakini humzuia mtafiti kulipenda jibu la kwanza.

Hapa majina yanahitaji tahadhari. Bibi harusi akiwa binti Juma na shahidi akiwa bin Juma, inawezekana ni ndugu wa baba mmoja, lakini Juma ni jina la watu wengi mno. Tafuta jina la tatu, la babu, kabla ya kuwaunganisha. Huko Kilimanjaro jina kama Mushi au Massawe ni la ukoo mpana wenye watu wa vijiji vingi, kwa hiyo linathibitisha asili bila kuthibitisha undugu wa karibu. Kwa mashamba ya mkonge ya Tanga, ambako manamba, yaani vibarua wa mkataba, waliletwa kutoka Kigoma, Songea na kwingineko, jina la kikwao la shahidi linaweza kukuonyesha eneo alikotoka babu yako pale ambapo hati zake mwenyewe zimenyamaza. Hali kadhalika kwa wafanyakazi wa reli, askari na wapishi wa mjini: mbali na nyumbani, mtu wa nyumbani ndiye aliyesimama mahali pa kaka.

Tuchukue mfano wa kubuni. Ndoa imefungwa mwaka 1958 katika parokia moja ya mkoa wa Tanga. Bwana harusi ni mkata mkonge, na penye mahali pa asili pameandikwa Kigoma tu. Shahidi wa kwanza anaonekana karibu kila ukurasa, kwa hiyo ni katekista, naye anawekwa kando. Shahidi wa pili anaonekana mara moja nyingine tu, miaka mitatu nyuma, akiwa bwana harusi, na huko kimeandikwa kijiji chake, kilichoko Kasulu. Katika daftari la ubatizo, mtoto wa kwanza wa maharusi wetu amesimamiwa na mke wa shahidi huyo. Sasa tunajua kwamba nyumba hizi mbili zilikuwa karibu kwa miaka kadhaa. Hatujui bado kama wanaume wale walikuwa ndugu wa tumbo moja au watu wa kijiji kimoja tu, lakini tumepata kijiji cha kuanzia badala ya mkoa mzima, na hatua inayofuata ni daftari la ubatizo la parokia inayohudumia kijiji hicho.

Mfuate shahidi katika madaftari mengine

Mfano huo unaonyesha mwenendo. Toka daftari la ndoa uende la ubatizo wa watoto, maana shahidi wa ndoa mara nyingi hurudi kama baba au mama wa ubatizo. Katika Kanisa Katoliki ndoa huandikwa pia pembeni mwa kumbukumbu ya ubatizo ya kila mmoja wa wanandoa, hata kama alibatizwa parokia nyingine, kwa hiyo ukiupata ubatizo wa shahidi unaweza kukuta pale pale ndoa yake ilifungwa wapi na lini. Kisha tazama daftari la vifo na mazishi, mafaili ya mirathi mahakamani, na hati za ardhi. Mtu aliyeshuhudia ndoa ya bibi na baadaye akawa msimamizi wa mirathi ya mumewe hakuwa jirani wa kawaida.

Walii, mashahidi, na vizazi vilivyotoka utumwani

Hati ya nikaha ina mtu mmoja zaidi ambaye mtafiti lazima amsome sambamba na mashahidi, naye ni walii wa bibi harusi, yaani jamaa mwenye haki ya kumwoza. Walii hufuata mpango unaojulikana: baba, kisha babu mzaa baba, kisha kaka, mtoto wa kaka, ami na kuendelea. Kwa hiyo walii akiwa kaka, huenda baba na babu walikuwa wamekwisha kufariki, au walikuwa mbali kiasi cha kutofikika. Akiwa ami, chunguza vilevile habari za kaka. Kadhi mwenyewe akiwa ndiye walii, huenda bibi harusi hakuwa na jamaa wa kiume upande wa baba aliyepatikana. Katika hali hiyo mashahidi huwa na uzito mkubwa zaidi, kwa sababu mjomba, ambaye kwa sheria hana nafasi ya uwalii kwa kuwa yuko upande wa mama, anaweza kabisa kuwa shahidi.

Kuna familia nyingi za pwani ambazo hapa ndipo zinapokutana na historia nzito, na naomba msomaji aifuate kwa moyo wa heshima. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Katika fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, aliyemwacha mtu huru huwa na uhusiano naye uitwao walaa, na mwanamke aliyeachwa huru asiye na jamaa wa damu huweza kuozwa na bwana wake wa zamani au warithi wa kiume wa bwana huyo. Hivyo walii mwenye nisba (jina la kabila au asili) ya Kiarabu, katika ndoa ya mwanamke ambaye jina lake na la baba yake ni la namna nyingine, huenda si jamaa wa damu. Mashahidi wa ndoa kama hiyo huenda wakawa watu walioachwa huru pamoja naye, na kwao ndiko kunakoweza kupatikana kumbukumbu ya mahali walikochukuliwa. Jina bin Abdallah nalo lisomwe kwa uangalifu, kwa kuwa lilitumika pia kwa waliosilimu na kwa wale ambao jina la baba yao halikujulikana.

Kwa upande wa misheni, hali ilikuwa inafanana. Waliokombolewa na kupelekwa Bagamoyo, Mbweni, Rabai na Frere Town waliingia madaftarini bila majina ya wazazi. Baadhi ya waliokuja Mombasa walikuwa wamelelewa kwanza Nasik, India, na ndiyo maana walibeba majina kama Jones na Semler. Wawili wenye majina hayo walipewa ushemasi mwaka 1885. Mtafiti anayekuta nafasi ya baba imeachwa wazi asikate tamaa, bali aorodheshe mashahidi na wasimamizi wa ubatizo wa nyumba zote za kijiji kile cha misheni. Watu hao walijitengenezea undugu mpya, na undugu huo unastahili kuandikwa katika historia ya ukoo kwa haki yake wenyewe, bila kuugeuza kuwa undugu wa damu.

Waulize wazee kwa njia inayowafungulia kumbukumbu

Ukimwendea bibi ukamtajia jina la ubatizo la shahidi, huenda akasema hamjui, ilhali aliishi naye nyumba kwa nyumba, kwa sababu yeye alimjua kwa jina la mtoto wake wa kwanza, au kwa jina la utani, au kwa kazi yake. Uliza basi ni nani aliyesimama na bwana harusi, nani alikuwa mshenga wa posa, nani alipokea mahari, wageni wa upande wa bibi harusi walilala kwa nani. Kama ipo picha ya harusi, iweke mezani na uache azungumze kwanza. Jina la shahidi lilete mwishoni, ili usimwekee jibu kinywani. Akisema kwamba mtu yule alikuwa ndugu, muulize kwa upole walichangia baba, mama, babu, ukoo au kijiji.

Mashahidi wengi wa ndoa za miaka ya 1970 na kuendelea bado wako hai, au watoto wao wako hai. Wapigie simu au uwafikie kupitia jamaa wanaofahamiana nao kabla ya kutangaza jina lao popote, kwa kuwa habari za watu walio hai zinalindwa na sheria: Kenya tangu mwaka 2019, na Tanzania kwa sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022.

Andika ulichokipata na kiwango cha uhakika wake

Katika kumbukumbu za ukoo wako, fungua ukurasa kwa kila shahidi kama unavyofungua kwa mwanafamilia, lakini usimwunganishe na mti wa ukoo mpaka hati mbili zisizotegemeana, au hati moja na masimulizi ya mzee asiyedokezwa jibu, zikubaliane. Andika wazi kama uhusiano umethibitishwa, unaelekea kuwa kweli, au ni dhana tu, na utaje daftari, ukurasa na tarehe uliyolisoma. Andika pia wale uliowaondoa na sababu ya kuwaondoa, ili mpwa wako atakayeichukua kazi hii asije akamrudisha katekista kundini.

Ikiwa ndoa ilikuwa ya kimila na haikusajiliwa, usitafute cheti ambacho hakikuwahi kuandikwa. Tafuta majina ya mshenga, ya wazee waliokwenda kuposa na ya waliohesabu mahari, yaandike kwa mpangilio ule ule, kila jina na dhana zake, kisha yalinganishe na majina yaliyomo katika ubatizo wa watoto na katika kesi za mirathi. Pale ambapo mahari ililetewa shauri katika mahakama ya mwanzo, majina ya waliotoa ushahidi yatakuwa katika faili la kesi hiyo.